Kazi ya Shamba ni Mchango: Mama Mkulima, Tunza Rekodi

Mashamba mengi ya Lumakanda na sehemu nyingine za Lugari yalitokana na mipango ya makazi ya baada ya uhuru. Mara nyingi hatimiliki huwa na jina la mume au baba mkwe, ilhali mama ndiye anayepanda mahindi na maharagwe, anayepalilia, anayevuna na kuweka akiba ya chakula. Shamba likiuzwa bila yeye kujua, chakula cha nyumba nzima kimeondoka.

Sheria yasemaje?

Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inataja kazi ya shamba waziwazi kuwa mchango katika ndoa, pamoja na kazi za nyumbani, malezi ya watoto na usimamizi wa mali ya familia. Hata pale ardhi ni ya mume peke yake, mke aliyeiendeleza anaweza kupata haki inayolingana na mchango wake.

Hata hivyo, mchango huthibitishwa. Tarehe 27 Januari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ndoa pekee haimpi mtu nusu ya mali moja kwa moja. Kila mmoja huonyesha alichochangia.

Mambo ya kuandika

Daftari la kawaida linatosha. Andika tarehe na:

• mbegu na mbolea ulizonunua, na bei yake;
• malipo ya trekta na vibarua;
• siku ulizopanda na kupalilia;
• magunia yaliyovunwa, yaliyouzwa na yaliyobaki ya chakula;
• ua, miti, kisima au ghala ulilosaidia kujenga.

Hifadhi risiti na ujumbe wa M-Pesa. Daftari hilo pia litakuonyesha kama mahindi yatafika mavuno yajayo, na litakusaidia unapoomba mkopo katika chama.

Shamba likitaka kuuzwa

Ardhi ya kilimo haiuzwi, haikodishwi wala kuwekwa rehani bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Ombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu mapatano, na bila idhini mapatano hayo ni batili. Mke ambaye hakuhusishwa anaweza kufika mbele ya bodi na kupinga. Mwenye haki katika ardhi anaweza pia kuomba tahadhari iwekwe kwa msajili wa ardhi, ili isihamishwe kabla hajasikizwa.

Lililo bora ni mume na mke kuketi pamoja mapema, na wakikubaliana, kusajili majina yote mawili.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Hatimiliki ya shamba unalolima ina jina la nani?
2. Ukiulizwa leo, utaonyesha nini kuthibitisha kazi ya msimu uliopita?
3. Nani nyumbani huamua ni magunia mangapi yauzwe?

Anza daftari msimu huu, kabla ya mbegu kuingia udongoni.