Safari ya juu ya miti

Katika mji wa Bruxelles, nchi ya Ubelgiji, wanakaa Wakongo wengi pamoja na watoto wao. Jamaa moja, baba, mama na watoto watatu, walitaka kutembea siku ya Kupaa, ambayo kule ni siku ya mapumziko. Binti mkubwa alikuwa na miaka 14, ndugu yake miaka 10, na kitinda mimba miaka 6. Watoto wakasema: «Twende msituni, pale watu wanapotembea juu ya miti.»

Msitu huo ni wa Ardennes, upande wa kusini. Huko wamefunga kamba za chuma toka mti huu hata mti ule, na kuzunguka kila mti wamejenga jukwaa dogo la mbao. Toka jukwaa hata jukwaa kuna njia: pengine daraja la vipande vya mti vinavyochezacheza, pengine wavu, pengine kamba moja tu ya kukanyaga. Mwisho mtu anateleza kwa kapi, ndilo gurudumu dogo linalokimbia juu ya kamba. Mtoto wa Ituri hatashangaa sana. Anajua kwamba Wambuti wanapanda miti mirefu kutafuta asali, tena amesikia habari za madaraja ya kamba za pori ambayo wazee walivukia mito. Lakini mpanda asali anatafuta chakula. Hawa wanalipa feza wapate kuogopa kidogo.

Mfaransa mmoja, Georges Hébert, ofisa wa merikebu za vita, alifikiri sana mambo ya kuzoeza mwili hivi. Mwaka 1902 mlima wa moto Pelée uliharibu mji wa Saint-Pierre katika kisiwa cha Martinique, watu karibu 30,000 wakafa. Hébert alikuwa katika kazi ya kuokoa. Nyuma yake akafundisha askari kupanda, kuruka na kwenda juu ya miti membamba bila kuanguka, kusudi kila mtu aweze kujiokoa na kumwokoa mwenzake. Michezo ya juu ya miti, kwa familia nzima, ilienea Ufaransa miaka ya 1990, kisha katika nchi jirani.

Basi, jioni moja jamaa ile wakakaa mezani kupanga safari. Baba alitaka kununua tikiti tano za njia moja, wote waende pamoja. Mama akasema: «Ngoja, baba watoto. Tuwapime kwanza.»

Akamsimamisha kila mtoto mlangoni, mkono mmoja juu, akaandika alama kwa kalamu pale vidole vilipofika. Kwa nini mkono juu? Kwa sababu kamba ya kulinda uzima inapita juu ya kichwa, na kila mtu sherti aifikie kwa mkono wake mwenyewe. Mtu amevaa mkanda unaoshika kiuno na mapaja. Toka mkanda huo zinatoka kamba mbili fupi, na kila moja ina kulabu ya chuma yenye mlango. Akifika mtini, anatoa kulabu ya kwanza, anaifunga katika kamba ya mbele. Kisha anatoa ya pili. Hatoi zote mbili kwa mara moja, hata nukta moja. Bustani nyingine zina kulabu za namna mpya: moja ikifunguka, ya pili haikubali kufunguka. Lakini kazi ni ile ile, na mtoto asiyefikia kamba hawezi kuifanya.

Kitinda mimba hakufikia. Akalia. Mama akamwonyesha katika karatasi ya bustani kwamba kuna njia ya watoto wadogo, karibu na udongo, na mzazi anatembea kando yake. Njia nyingine zina rangi: mara nyingi kijani ni nyepesi, kisha buluu, kisha nyekundu, nyeusi ni ya wenye nguvu.

«Mmoja wetu atabaki chini na mdogo,» mama akasema. «Lakini wote tuvae suruali na viatu vya kufunga, maana hatujui nani atabaki.» Pete na mikufu zikae nyumbani, na nywele ndefu zifungwe, zisinaswe na kapi. Tena akaweka sharti moja: anayesema «basi» atashushwa, na hakuna atakayemcheka. Baba akaitika, akimtazama kijana wake.

Siku ile kiongozi wa bustani aliwafundisha wote, wakajaribu kulabu chini kwanza. Kanuni za Ulaya zinaagiza kwamba kamba na majukwaa yakaguliwe walau mara moja kwa mwaka. Miti nayo inaangaliwa, kwa maana mti si nguzo: unanenepa, unaweza kuoza ndani, na kamba ikikaza ganda lake unaumia. Kwa hiyo pengine wanaweka vipande vya mbao kati ya kamba na ganda.

Njia ya kijani waliimaliza wakicheka. Katika buluu binti alitangulia, kijana akafuata, baba nyuma. Kwenye jukwaa la tatu baba akasimama. Akashika mti kwa mikono miwili. Watoto walikuwa wamekwisha kuvuka, wakamwona, wakanyamaza. Upepo ulikuwa unatikisa majani. Mwisho baba akasema kwa sauti ndogo: «Basi.»

Kijana aliuma midomo yake, lakini hakucheka. Kiongozi akapanda, akamshusha baba polepole kwa kamba, kisha akawafuata watoto mpaka mwisho wa njia, kwani kijana hakuwa na ruhusa ya kwenda bila mtu mzima.

Chini, mama alikuwa ameketi akifunga viatu vyake vizuri. Alimpa baba mkono wa kitinda mimba, akaenda kununua tikiti na kuvaa mkanda. «Papa,» mtoto akauliza, «wewe pia hukufikia kamba?»

MAULIZO
1. Kwa nini mama aliwapima watoto mkono ukiwa juu?
2. Kulabu ni mbili: eleza kazi ya kila moja mtu anapohama toka kamba hata kamba.
3. Sharti la mama lilimsaidia nani?