Jumanne: Mkatale Langoni

Soma Yeremia 20:1-3, 7, 8. Mahali ulipowekwa mkatale panatuonyesha nini kuhusu kusudi la adhabu hiyo?

Pashuri alikuwa kuhani mwenye mamlaka hekaluni. Alimpiga nabii, kisha akamtia katika mkatale kwenye Lango la Juu la Benyamini. Magereza yalikuwepo, na baadaye Yeremia aliyaonja (Yer. 37:15, 16). Lakini langoni kila aliyekwenda kuabudu angemwona. Alifunguliwa kesho yake, ila kicheko hakikwisha.

Mataifa mengine pia yalikuwa na mikatale yao. Huko Uingereza fremu ya mbao ilibana shingo na mikono ya mtu sokoni, na watu wakamrushia matope, mayai mabovu, hata mawe. Wengine walikufa humo. Adhabu hiyo ilifutwa mwaka 1837. Hata hivyo, muda wake ulihesabika. Simu haina muda. Video ya kijana aliyekamatwa na kuku wa wizi, au ya dada aliyefumaniwa, huzunguka miaka na miaka. Wakati mwingine huingia hata katika kundi la kanisa, na chini yake mtu ameandika, “Tumwombee.”

Soma Mathayo 1:19. Malaika alikuwa bado hajasema na Yusufu. Kwa kadiri alivyojua, Mariamu alikuwa na hatia. Maandiko yanamwita mwenye haki, na mwenye haki huyu alitafuta njia ya siri ili asimwaibishe.

Soma Yohana 8:3-11. Waliomleta mwanamke walimsimamisha katikati. Torati iliwataja wote wawili, mwanamume na mwanamke (Law. 20:10), mwanamume hakuletwa. Angalia pia mpangilio wa tukio: Yesu hakumwambia mwanamke neno lolote kuhusu dhambi yake hadi washtaki wote walipoondoka. Dhambi ilitajwa, tena waziwazi, lakini bila watazamaji wale.

Je, 1 Timotheo 5:20 haisemi wakosaji wakemewe mbele ya wote? Inasema. Lakini aya ya 19 inadai mashahidi wawili au watatu, na Mathayo 18:15-17 inaliweka kanisa mwishoni, baada ya mazungumzo ya watu wawili peke yao. Wengi wetu huanzia mwishoni.

Fikiria mtu ambaye habari za aibu yake zilikufikia juma hili. Je, umezungumza naye mwenyewe, au umezungumza na wengine tu?