Maswali na Majibu: GPS ya Mkononi, Kutoka Elgon View Hadi Koitobos

Marudio haya ni ya wanaojiandaa kuongoza wapanda milima. Swali la 3 lisome mara mbili.

1. Kwa nini ubebe GPS ilhali simu nayo inayo?

Simu hunasa satelaiti hata pasipo mtandao, mradi ramani uliipakua ukiwa bado mjini. Shida ni chaji, na skrini ya kugusa isiyotii kidole kilicholowa au kilichovaa glovu. Mlima Elgon una mvua na baridi. Chagua chombo cha GPS chenye vitufe, kinachotumia betri za AA, maana hizo utazipata Eldoret na hata Kitale.

2. WAAS izimwe au iwashwe?

Izimwe. Huduma hiyo ya kusahihisha vipimo vya GPS ni ya Amerika Kaskazini, na mwenzake EGNOS ni wa Ulaya. Kwetu inakula betri bure.

3. Ramani ya Survey of Kenya ya 1:50,000 na GPS mpya havikubaliani. Eleza kwa nini, na urekebishe.

GPS hutoka kiwandani ikiwa kwenye datumu (msingi wa kupimia mahali) ya WGS 84. Ramani zetu za 1:50,000 zilichorwa kwa Arc 1960, yenye umbo tofauti la dunia na kitovu tofauti. Ukisoma namba za WGS 84 na kuziweka kwenye ramani hiyo, utajikuta takriban mita 300 kusini ya ulipo na karibu 90 mashariki. Kwenye karatasi hizo mita 300 ni milimita 6 tu, upana wa penseli, ndiyo maana kosa halishtui mtu. Lakini pima ardhini. Ukingo wa Elgeyo, pale Iten, unaporomokea mashariki kuelekea Bonde la Kerio. Mita 90 za upande huo zinatosha kumweka mtu hewani.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka mtaa wa Elgon View, Eldoret, fungua mipangilio, chagua gridi ya UTM na datumu ya Arc 1960, kisha simama mahali unapoweza kupaonyesha kwenye ramani bila shaka, kama makutano ya barabara, ulinganishe. Mji wa Eldoret uko kanda ya 36 Kaskazini: mashariki karibu 754000, kaskazini karibu 57000. Ukiona namba za mbali na hizo, kuna kitu hukukiweka sawa. Mwenzako wa kikosi cha uokoaji akikuuliza uko wapi, mtajie na datumu. Namba tupu hazimtoshi.

4. Kwa nini namba ya kaskazini huruka ghafla ukipita Timboroa kuelekea Nakuru?

Umevuka Ikweta. Upande wa kusini hesabu huanzia 10,000,000 na kupungua, hivyo chombo hakijaharibika.

5. Ni alama zipi zihifadhiwe kabla ya kupanda kilele cha Koitobos (mita 4,222) cha Mlima Elgon?

Lango la Chorlim, mahali gari linapoachwa, kila njia panda, na kila chanzo cha maji. Washa pia kurekodi njia tangu hatua ya kwanza, kwa sababu ukungu wa juu hufuta kila alama ya macho, na mpaka wa Uganda unapita huko huko. Ndani ya mianzi usahihi hupungua. Subiri uwazi ndipo uhifadhi.

6. Betri za akiba zikae wapi?

Mfuko wa ndani, karibu na mwili. Baridi huzidhoofisha. Na kwenye mipangilio taja aina ya betri uliyotia, la sivyo kipimo cha chaji kitakudanganya.