Chanjo ya Ng'ombe na Miti ya Serengeti

Mgeni anayezuru Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hupiga picha makundi ya nyumbu, kisha huendelea na matembezi yake kati ya migunga, akidhani kwamba miti hiyo imekuwapo hivyo tangu kale. Sivyo. Migunga mingi anayoiona iliota katika nusu karne iliyopita, na kukua kwake kunahusiana na sindano walizodungwa ng'ombe nje ya hifadhi.

Sotoka ni ugonjwa uliosababishwa na kirusi cha jamii moja na kile cha surua. Uliwashambulia ng'ombe pamoja na wanyama wa porini kama nyati na nyumbu. Uliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ukawateketeza ng'ombe wa Wamasai na kuleta njaa kuu. Baada ya hapo haukutoweka. Ndama wa nyumbu alilindwa miezi michache na kinga aliyoipata katika maziwa ya kwanza ya mama yake; kinga hiyo ilipokwisha aliambukizwa, na wengi walikufa kabla ya kutimiza mwaka.

Kwa muda mrefu wanyamapori ndio waliotuhumiwa kuwa ghala la ugonjwa. Chanjo ilionyesha kinyume chake. Ng'ombe walioizunguka Serengeti walipochanjwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sotoka ilitoweka miongoni mwa nyumbu kufikia mwaka 1963 hivi, ingawa hakuna nyumbu hata mmoja aliyedungwa sindano. Chemchemi ya ugonjwa ilikuwa zizini. Mwaka 1961 nyumbu walikadiriwa kuwa robo milioni. Mwaka 1977 walifikia kiasi cha milioni 1.4.

Sasa na tuangalie nyasi. Nyumbu walipokuwa wachache, nyasi nyingi zilisalia bila kuliwa, zikakauka kiangazi na kuwa kuni za moto wa nyika. Mche wa mgunga hauuawi kila mara na moto: mara nyingi mzizi hubaki hai na kuchipua tena. Lakini mche unaounguzwa kila mwaka hubaki na kimo cha goti. Ili uwe mti, sharti upate miaka kadhaa ya kurefuka mpaka matawi yake yapite juu ya ndimi za moto. Makundi makubwa ya nyumbu yaliipa miche nafasi hiyo kwa kula kile ambacho moto ungekila. Tembo nao wana sehemu yao katika habari hii, kwani huvunja miti, na ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwapunguza sana. Mwalimu asiwafiche wanafunzi jambo hilo. Hata hivyo, kupungua kwa moto kulianza na nyumbu.

Mahesabu yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba, kutokana na badiliko hili, Serengeti iliacha kutoa kaboni hewani na kuanza kuihifadhi. Sotoka yenyewe ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani.

Mlolongo huu, hata hivyo, waweza kurudi nyuma. Ukame wa mwaka 1993 uliwapunguza nyumbu hadi chini ya milioni moja. Wakati wa kiangazi wanyama hao hutegemea Mto Mara, ambao chanzo chake ni misitu ya Mau nchini Kenya, mbali na mpaka wa hifadhi. Msitu ukifyekwa huko, askari wa wanyamapori wa Serengeti hana la kufanya.

Shule iliyo karibu na malisho yaweza kulipima jambo hili. Mvua zinapoanza, wanafunzi wazungushie miiba mraba wa mita 1, na waache mraba mwingine kama huo wazi kwa mifugo. Mwishoni mwa kiangazi wakate nyasi za kila mraba, wazianike hadi zikauke, wazipime kwa mizani, kisha wajadili ni mraba upi ambao moto ungeupita kwa nguvu zaidi.