Kulima Uyoga Nyumbani kwa Ndoo Tatu

Wakulima wa Kitui na Makueni waujua vizuri uyoga uotao juu ya vichuguu mvua zinapoanza. Ni mtamu, na watoto hushindana kuutafuta asubuhi. Kwa hiyo mara nyingi mtu huuliza: je, uyoga huo waweza kupandwa nyumbani? Hauwezi. Uyoga wa kichuguu hulimwa na mchwa wenyewe chini ya ardhi, kwa miti na majani makavu wanayoyakusanya, na pasipo mchwa hao hauoti.

Lakini uko uyoga mwingine uitwao uyoga wa chaza, maana umbo lake lafanana na gamba la chaza wa baharini. Huo huota juu ya mabua makavu. Wajerumani walianza kuulima mnamo mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chakula kilipokuwa haba. Hauhitaji shamba wala mbolea. Wahitaji kivuli, usafi na maji, na katika sehemu zetu hizi hesabu ya maji yafaa itangulie hesabu ya fedha.

Basi tufanye hesabu ya ndoo tatu za lita 20, maana mwanzilishi asizidishe hapo. Kila ndoo hula kilo mbili hivi za makapi makavu. Kuyalowesha makapi ya ndoo zote tatu kwahitaji lita 60 za maji. Baadaye kunyunyizia kwahitaji kama lita moja na nusu kila siku kwa muda wa majuma matano, yaani lita 50 na kitu. Jumla ni mitungi isiyozidi sita. Punda abebaye mitungi minne atakwenda kisimani mara moja na nusu kwa ajili ya uyoga. Ikiwa nyumbani kwako hata mtungi wa kupikia hupatikana kwa shida, ngoja mvua za Novemba, ukinge maji ya paa.

Jambo la pili ni joto. Uyoga huu hupenda hewa isiyo ya moto sana, na ikipita digrii 30 huanza kudhoofika. Walio kwenye vilima vya Mbooni na Kilungu wana nafuu. Walio Kibwezi, Mutomo na Ikutha yafaa wafanye kazi hii kati ya Juni na Agosti, wakati wa baridi na mawingu, na wayaweke makapi ya mavuno ya Februari mahali pakavu mpaka wakati huo. Nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi ni bora kuliko chumba cha mabati. Chumba kikiwa kikavu, tundika magunia yaliyoloweshwa ukutani.

Makapi yanayofaa ni mabua ya mtama, magunzi yaliyopondwa, na maganda ya ndengu au mbaazi. Yawe makavu na yenye rangi yake ya asili. Yaliyoota ukungu hayafai hata kidogo. Yakate vipande vya urefu wa vidole viwili.

Mbegu ni kitu cha kununua. Si mbegu kama ya mahindi, bali ni punje za nafaka zilizofunikwa na nyuzi nyeupe za uyoga. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, huko Juja, kimekuwa kikiitengeneza. Na ofisi ya kilimo ya kaunti yako yaweza kukuelekeza mahali pa karibu. Mbegu njema ni nyeupe na yanukia kama uyoga. Ikiwa na madoa ya kijani au meusi, irudishe. Kila ndoo yahitaji kama gramu 250. Jihadhari na mtu akuuziaye mbegu nyingi kwa ahadi kwamba atanunua mavuno yote. Mtu wa namna hiyo mwombe mkataba ulioandikwa kabla ya kutoa hata shilingi.

Sasa kazi yenyewe. Tia makapi katika gunia, ulizamishe ndani ya pipa la maji yaliyochemka, uliwekee jiwe juu, na uendeleze moto kwa saa nzima. Moto huo huua ukungu na wadudu ambao wangekula chakula cha uyoga. Mwenye shida ya kuni aweza kutumia chokaa iliyozimwa, gramu mbili kwa kila lita ya maji baridi, na kuyaacha makapi humo usiku kucha; lakini avae glavu, na maji hayo yasimrukie machoni. Kisha tundika gunia lichuruzike. Chukua konzi moja ukamue: yakitoka matone mawili matatu, yafaa. Yakitiririka, ngoja zaidi. Watu wengi huharibu kazi hapa kwa haraka, maana makapi yaliyojaa maji huoza, na yaliyo moto bado huiua mbegu.

Toboa ndoo matundu kumi na mawili ubavuni, kila tundu upana wa kidole, na machache chini. Iwe ndoo isiyowahi kutiwa dawa. Vitabu vingi hutaja mifuko, lakini Kenya ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na tena ndoo yaweza kutumika miaka mingi. Nawa mikono kwa sabuni. Weka tabaka la makapi, nyunyiza mbegu, tena makapi, tena mbegu, mpaka ijae. Shindilia kidogo, funika, ziba matundu kwa pamba safi, uweke ndoo gizani.

Baada ya majuma mawili hadi manne makapi yatakuwa meupe yote. Hapo toa pamba, ruhusu mwanga kidogo na hewa ya kutosha, na uweke chandarua dirishani kuzuia vijinzi. Nyunyiza maji sakafuni na ukutani mara tatu kwa siku. Vichwa vidogo vitatokea, na katika siku chache vitakuwa tayari. Vuna kabla kingo hazijageuka juu, kwa kuzungusha shada zima. Ukichelewa, uyoga hutoa vumbi jeupe linalowakohoza watu. Ndoo hiyo hiyo huzaa tena mara mbili, kila baada ya siku kumi hivi. Mwanzilishi akipata kilo moja kwa kila ndoo, amefanya vyema.

Kitu chochote kiotacho katika ndoo kisichofanana na uyoga uliopanda, kitupe. Kuna uyoga wa mwitu unaoua, na kuupika hakuondoi sumu yake.

Wako wasemao uyoga ni sawa na nyama. Si kweli: uyoga mbichi ni maji sehemu tisa katika kumi, kwa hiyo usiache kula ndengu kwa ajili yake. Ni kitoweo chema cha kuongezea. Usiouzika siku ile uanike; jua la Ukambani litaukausha upesi, na pia huuongezea vitamini D. Makapi yaliyochoka yapeleke katika shimo la mboji, au chini ya miembe.