Somo la Sayansi: Kupima plazma nyuma ya chombo cha anga

Neno letu la wiki hii ni plazma. Mimi muuguzi, nikilisikia hufikiria kwanza ile sehemu ya majimaji ya damu. Sikosei sana. Irving Langmuir, mwanasayansi wa Marekani, aliliteua mwaka 1928 kwa gesi yenye elektroni na ioni zilizoachana, na mwenzake alisimulia baadaye kwamba ilimkumbusha damu inavyobeba chembe zake.

Sasa tazameni SMART-1, chombo cha Ulaya kilichorushwa Septemba 2003 kwenda Mwezini na kilo 82 za gesi ya zenoni. Umeme wa jua uling'oa elektroni kwenye atomi za zenoni zikawa ioni, kisha ukazirusha nje kwa kasi ya kama kilomita 16 kwa sekunde. Msukumo wake? Kama uzito wa kadi ya posta kiganjani! Lakini uliendelea kwa miezi.

Shida ni kwamba si ioni zote huenda zake. Ioni yenye kasi ikikutana na atomi ya zenoni iliyozubaa, huinyang'anya elektroni. Ile iliyonyang'anywa huwa ioni ya polepole, nayo yaweza kurudi kwenye chombo na kukwangua paneli za sola. Huku Duniani watu hujaribu injini ndani ya tangi lililonyonywa hewa, ila tangi lina kuta, na gesi kidogo hubaki, kwa hiyo majibu hayafanani kabisa na ya angani. Ndiyo maana chombo kilibeba vipimo vyake.

Kimoja kina jina la Langmuir: ncha ya chuma ndani ya plazma. Hubadilishwa volti, kisha mkondo wa umeme husomwa. Volti chanya huvuta elektroni, na jinsi mkondo unavyopanda hueleza joto na wingi wa elektroni hizo. Joto hilo ni maelfu ya nyuzi, lakini chembe ni chache mno, chuma hakiyeyuki.

Kipimo kingine kina nyavu zenye volti chanya, kama bawabu mlangoni. Ioni dhaifu hurudishwa, zenye nguvu hupita na kupimwa. Volti zikipandishwa kidogo kidogo, hujulikana kila kundi lina nguvu kiasi gani.

Zoezi: ncha ya Langmuir ikipewa volti hasi, itavuta nini? Andikeni sentensi tatu, mkitumia chanya, hasi na mkondo. Wazazi, msiwaandikie!