Kuziba Hitilafu ya Kumbukumbu Katika Vim

Mwanafunzi wa kompyuta aliyeko Mbeya au Iringa, anayejua C kiasi na mwenye kompyuta ya mkononi, anaweza kurekebisha programu inayotumika dunia nzima. Mahali pazuri pa kuanzia ni Vim, kihariri cha maandishi alichokitoa Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991. Mwaka 1994 Bram alifanya kazi ya maji na usafi Kibaale, kusini mwa Uganda, na tangu hapo watumiaji wa Vim huombwa kuwachangia watoto wa huko. Andika :help uganda ndani ya programu usome mwenyewe. Bram alifariki Agosti 2023. Wengine wanaendelea kuitunza.

Hitilafu inayojirudia sana katika Vim ni ya kutumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Ni sawa na kurudisha kizimba chako cha soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwa halmashauri, kisha kesho ukaenda kupanga viazi humo. Ukikikuta kitupu, hakuna atakayejua. Kikiwa na mwenyewe, ni vurugu. Ndiyo maana programu huanguka leo na kesho ikatulia.

Fuata hatua hizi:

1. Pakua msimbo kwa git clone --depth 1, ukifuatisha anwani ya hazina ya Vim. Inaleta toleo la mwisho bila historia, na bando linapona.

2. Washa AddressSanitizer, zana inayonasa makosa ya kumbukumbu programu inapoendeshwa. Katika src/Makefile, ondoa alama ya # kwenye mstari wa SANITIZER_CFLAGS wenye -fsanitize=address na ule wa SANITIZER_LIBS kama nao una alama hiyo, kisha endesha make.

3. Andika skripti inayoiangusha Vim, uipunguze hadi ibaki mistari michache. Iendeshe kwa src/vim --clean -S, ukifuatisha jina la faili lako, ili mipangilio yako isiingilie.

4. Soma ripoti yote ya AddressSanitizer. Ikisema heap-use-after-free, itakuonyesha mambo matatu: kumbukumbu ilitumika wapi, iliachiliwa wapi, na ilitengwa wapi. Wengi hukimbilia la kwanza, ilhali kosa mara nyingi liko kwenye la pili.

5. Tibu chanzo. Mfano: msimbo umeshika pointa ya bafa, halafu unaita autocmd (amri inayojiendesha tukio fulani linapotokea), nayo inaifuta bafa hiyo. Kukagua kama pointa ni NULL hakusaidii, kwa kuwa bado ina anwani ya zamani. Ihifadhi kwa set_bufref() kabla ya wito, kisha uulize bufref_valid() baada yake. Kwa pointa inayobaki baada ya kumbukumbu yake kuachiliwa, tumia VIM_CLEAR(), ambayo huachilia kumbukumbu na kuiweka pointa NULL papo hapo.

6. Ongeza jaribio ndani ya src/testdir. Hakikisha linashindwa kwenye msimbo wa zamani na linapita kwenye mpya, kisha endesha make test.

Kama faili la mtu mwingine linaweza kuamsha hitilafu hiyo kwa kufunguliwa tu, usiitangaze kwanza. Wape watunzaji taarifa kwa faragha, pamoja na skripti yako fupi, ili marekebisho yawafikie watumiaji kabla ya wahalifu.